NYUMBA HAIISHII UKUTANI

Mtu apatapo kiwanja mjini, jambo la kwanza analolifikiri ni kuta, na la pili ni paa. Akiruzukiwa zaidi huongeza sakafu ya saruji, akatia milango ya mbao njema, akapaka rangi, kisha akamshukuru Mola wake. Na ni wajibu wake kushukuru. Lakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza suala hili: maji ya jikoni, ya bafuni na ya chooni, yakishatoka katika nyumba yangu, huenda wapi?

Katika mtaa ninaosomesha, jawabu ni kuwa huenda kwa jirani. Kila masika nawaona wenye uwezo wakiinua vizingiti vya milango yao kwa tofali moja au mawili, na yale maji yaliyokuwa yakiingia kwao hugeuza njia, yakaingia kwa yule asiye na tofali. Watoto huja chuoni viatu vi mikononi, wakiruka madimbwi wasiyojua kama ni ya mvua au ya najisi. Ifikapo wiki ya pili ya mvua, huanza kuhesabu nafasi zilizo tupu juu ya mkeka: huyu anaharisha, yule ana homa. Mwalimu aweza kuusomesha mlango wa tahara mwaka mzima, na uchochoro ukaiharibu kazi yake kwa siku moja.

Twamngoja nani? Tangu ujana wangu nimesikia jawabu moja tu, nalo ni kuwa twaingoja serikali. Kwa sababu hiyo nataka kuwasimulia wasomaji khabari za mtaa mmoja ulio mbali nasi, ambao watu wake walingoja kama tungojavyo sisi, kisha wakaacha kungoja.

Mtaa wa Orangi

Orangi ni mtaa mkubwa sana ulioko kaskazini-magharibi ya mji wa Karachi, katika nchi ya Pakistan. Ulianza mwaka 1965, na baada ya vita vya mwaka 1971 ukajaa wahamiaji waliotoka iliyokuwa Pakistan ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh. Wengi wao walinunua viwanja kwa madalali, wakajijengea kwa matofali ya saruji, chumba baada ya chumba, kadiri ya mapato yao. Leo wakazi wake hukadiriwa kupita milioni moja. Nyumba zilisimama, lakini hapakuwa na mabomba ya kuchukulia maji machafu. Wengine walikuwa na vyoo vya ndoo, na wengine walichimba makaro ambayo baada ya miaka michache yalijaa. Uchafu ukatiririka vichochoroni, mbele ya milango ya watu.

Mwaka 1980 alifika hapo mzee mmoja aitwaye Akhtar Hameed Khan. Mzee huyu alizaliwa mwaka 1914, akapata kuwa mtumishi mkubwa katika serikali ya Kiingereza huko Bara Hindi, kisha akajiuzulu kwa hiari yake. Baadaye alisifika kwa kazi aliyoifanya pamoja na wakulima wa Comilla, katika Pakistan ya Mashariki. Alipoanzisha mradi wake huko Orangi, ulioitwa Orangi Pilot Project, hakuja na fedha za kugawa. Alizunguka mitaani, akiuliza na kusikiliza. Alitaka kujua jambo moja: watu hawa walioweza kujijengea nyumba, kwa nini wameshindwa kujijengea mfereji?

Vikwazo vinne

Aliona vikwazo vinne, nami nitavieleza kimoja kimoja, maana kila mmoja wetu atavitambua.

Cha kwanza ni cha nafsi. Watu waliamini kuwa mfereji ni kazi ya serikali, na kwamba siku moja utakuja bure. Ilibidi kwanza waridhike kuwa uchochoro nao ni sehemu ya nyumba zao.

Cha pili ni gharama. Bei ya kazi kama ile, ilipofanywa kwa njia ya kiserikali, ilikuwa kubwa mno kwa maskini. Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa fungu kubwa la fedha liliishia katika faida za wakandarasi na katika rushwa, tena michoro yenyewe ilikuwa mizito kupita haja. Wenyeji walipoifanya kazi kwa mikono yao, kwa michoro iliyorahisishwa, gharama ilishuka ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya awali.

Cha tatu ni ujuzi. Maji hayafuati matakwa ya mtu, hufuata mteremko. Bomba likilazwa bila ya kupimwa, uchafu hurudi chooni. Basi mradi ulileta wapimaji, ukachora ramani, ukakadiria gharama, na ukaazimisha vifaa pamoja na kalibu za chuma za kufinyangia chemba.

Cha nne ni umoja. Mtaa wa watu laki kadhaa hauwezi kukaa kikao kimoja, lakini uchochoro wa nyumba 20 au 30 waweza. Kila uchochoro ukachagua mtu wanayemwamini. Huyo ndiye aliyepeleka maombi kwa mradi, ndiye aliyekusanya michango, na ndiye aliyewajibu majirani zake kila rupia yao ilikokwenda. Mradi haukuzigusa fedha za watu. Hapa pana hekima kubwa, kwani fedha ya mchango hulindwa vizuri na macho ya walioichanga.

Kazi ilivyogawanywa

Kazi yenyewe iligawanywa mafungu mawili. Fungu la ndani lilikuwa la wenyeji: choo katika nyumba, chemba ndogo ya kuzuia uchafu mzito usizibe bomba, bomba la uchochoro, na bomba la mtaa linalokusanya ya vichochoro. Fungu la nje lilikuwa la serikali: mifereji mikuu, na mahali pa kuyasafishia maji hayo. Mwenye nyumba hakulazimishwa kujenga mfereji wa mji mzima, wala serikali haikungojwa ije kuchimba mlangoni pa mtu.

Wala isidhaniwe kuwa mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza. Katika mifereji ya mwanzo zege lilikuwa dhaifu, kwa kuwa halikuchanganywa sawasawa wala halikumwagiliwa maji siku za kutosha. Ikabidi ifanywe mikutano ya kuwafundisha watu kazi ya zege. Tena kwa muda mrefu maji ya vichochoro yaliishia katika makorongo ya mvua yaliyo wazi, kwa sababu fungu la nje lilichelewa. Hata hivyo, baada ya miaka ishirini na kitu, nyumba karibu 90,000, katika vichochoro karibu 6,000, zilikuwa zimekwisha kupata vyoo na mabomba kwa fedha za wenyewe.

Kisha mradi ukaziangalia kuta. Matofali ya Orangi yalifyatuliwa kwa mkono katika viwanja vidogo vya mafundi, na mengi yalikuwa hafifu. Mafundi hao wakasaidiwa kwa mikopo na mafunzo, wakapata mashine, na tofali lao likawa imara zaidi. Fundi hakunyang'anywa riziki yake, na mjenzi akapata kitu bora mtaani kwake.

Vijana wetu na wazingatie jambo hili. Ramani za vichochoro zilichorwa na vijana wa mitaani waliofundishwa kupima. Aliyesimama mbele katika kazi hiyo kwa miaka mingi ni Perween Rahman, mwanamke msanifu wa majengo aliyejiunga na mradi akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ramani hizo ziliionyesha serikali mahali watu walipokwisha kujenga, ili isije ikatumia fedha kufanya yaliyofanyika. Yeye aliendelea kuandika pia khabari za ardhi na maji vinavyochukuliwa na wasio na haki. Tarehe 13 Machi 2013 aliuawa kwa kupigwa risasi katika Karachi. Tujue, basi, kuwa kazi ya kalamu na kipimo yaweza kuhitaji ushujaa.

Na sisi je?

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya Wapakistani. Katika Hanna Nassif, Dar es Salaam, miaka ya 1990, wakazi walishiriki katika kuitengeneza mifereji ya maji ya mvua na njia za mtaa wao, na wengi walifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Basi jambo hili linawezekana kwetu.

Wala sisemi serikali isamehewe. Fungu la nje ni lake, na tuna haki ya kulidai. Lakini mtaa uliokwisha kumaliza fungu lake la ndani huenda kudai ukiwa na ramani mkononi, na dai lake huwa na nguvu.

Twajua jinsi Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Jirani huyo si yule tu tunayempelekea futari na kumzuru akiugua. Ni yule pia aliye chini yetu katika mteremko. Maji yetu yakimwingilia chumbani, hatuwezi kusema kuwa tumemtendea haki kwa sahani ya mchuzi.

Basi kabla ya masika yajayo, wazee wa kila uchochoro na wakae kikao kimoja. Wahesabu nyumba zao, wamchague mwaminifu wao, wamtafute mpimaji, na waulize gharama kabla ya kuchimba hata shimo moja. Pengine watagundua kuwa fedha ambazo kila mmoja alikuwa akizitia katika kizingiti chake zingetosha kuanzia. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.