Mgeni Ndani ya Mwili

Tuseme hivi. Katika nyumba moja kijana amepata ugonjwa, mafigo yake yote mawili yamekufa. Miguu imevimba, chakula hakipiti, na munganga anasema kijana anahitaji figo ya mtu mwingine. Mama yake hangoji kuulizwa mara mbili: «Munipasue mimi. Niko na mafigo mawili, moja inanitosha.» Wanapimwa, damu zinapatana, wanapasuliwa. Figo ya mama inaanza kufanya kazi ndani ya mwili wa mtoto. Jirani wote wanashangilia. Je, kazi imekwisha?

Hapana. Sasa ndipo vita inaweza kuanza.

Askari wasiojua huruma

Ndani ya damu yako, wewe msomaji, kuna askari: ni seli nyeupe, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kuzunguka mchana na usiku, kuuliza kila wanachokuta: «Wewe ni wa nyumba hii, ao mgeni?» Kidudu cha kifua kikuu ni mgeni, wanakipiga. Ndiyo sababu ungali mzima. Lakini hata figo ya mama ni mgeni kwao. Askari hawajui upendo. Wanaona alama ya kigeni, wanashambulia, na figo inakufa.

Tarehe 23 Desemba 1954, kule Boston, Marekani, munganga Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampa ndugu yake Richard. Hawa walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Mbele ya kuwapasua, waganga walijaribu kwanza kubandika ngozi ya mmoja kwa mwingine, na haikukataliwa. Askari wa Richard hawakuona mgeni. Aliishi miaka nane zaidi. Murray alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990. Lakini ni wangapi kati yetu tuko na pacha?

Dawa inayolaza walinzi

Kwa wengine wote, waganga walitafuta dawa za kulaza askari. Dawa iitwayo siklosporini, iliyoenea tangu miaka ya 1980, ilisaidia watu wengi sana kukaa na figo ya mwingine. Lakini bei yake ni kali, na sisemi feza tu. Mtu anameza dawa kila siku, maisha yote. Na askari wakilala, hawalali kwa figo peke yake: wanalala pia kwa magonjwa. Ninyi mnaokaa karibu na migodi mnajua namna vumbi ya mawe inavyoharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Fikirini mlango ule bila mlinzi. Tena siklosporini yenyewe, ikitumiwa miaka mingi, inaweza kuharibu figo ile ile iliyopaswa kulinda.

Ndiyo maana wenye elimu wakauliza: haiwezekani kuwafundisha askari kumpokea mgeni huyu mmoja tu, nao wabaki macho kwa adui wengine? Hali hiyo wanaiita uvumilivu wa mwili.

Seli za kushikilia

Wazee waliofanya kazi chini ya udongo wanajua miti inayosimamishwa ili kushikilia dari ya shimo. Mti ule hauchimbi shaba, lakini bila yeye hakuna mchimbaji atakayetoka. Mwili nao uko na seli za namna hiyo. Ndani ya uboho, ile mafuta laini iliyo katikati ya mfupa, kuna seli zinazoshikilia na kutunza zile zinazozaa damu. Katika miaka ya 1960 na 1970, Alexander Friedenstein, mwenye elimu wa Urusi, alizitenga na kuzikuza katika chombo.

Kwa muda mrefu watu walidhani kazi yao ni kushikilia tu. Kumbe wanatuliza pia! Mwaka 2002 wenye elimu wa Marekani waliandika kwamba nyani waliobandikwa ngozi ya nyani wengine, wakipewa seli hizi, walikaa na ngozi ile siku nyingi zaidi. Seli za kushikilia zinatoa alama zinazozuia askari wakali kuongezeka, na kuamsha askari wengine ambao kazi yao ni kupatanisha.

Mwaka 2004 waganga wa Stockholm, Sweden, pamoja na Katarina Le Blanc, waliandika habari ya mtoto wa miaka 9. Alikuwa na kansa ya damu, akapewa uboho wa mtu mwingine. Kwake vita iligeuka: askari wa kigeni ndio walioshambulia tumbo na ini la mtoto, na dawa zilishindwa. Walimpa seli za kushikilia kutoka uboho wa mama yake. Vita ikatulia. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwa mzima.

Na kwa figo je?

Mwaka 2012 waganga wa China walitangaza jaribio kubwa kwa watu waliopewa figo na ndugu zao. Wengine, pamoja na vidonge vya kila siku, walipewa seli zao wenyewe pahali pa dawa kali ya mwanzo. Katika miezi sita, kwa kundi moja la seli, watu 4 kati ya 53 mwili ulikataa figo. Kwa wale wa dawa kali, 11 kati ya 51.

Lakini kule Bergamo, Italia, wagonjwa wawili wa kwanza walipewa seli siku saba nyuma ya kupasuliwa, na figo ikalegea kwa muda. Waganga wakajifunza: wakati ni sehemu ya dawa. Waliofuata walipewa seli siku moja mbele ya kupasuliwa. Mwaka 2020 waliandika juu ya mgonjwa wao mmoja aliyeachishwa dawa zote, polepole, chini ya macho yao. Alikuwa amekaa miezi 18 bila dawa na figo ingali inafanya kazi.

Mmoja, wasomaji. Si mia. Mwezi wa Desemba 2024 Marekani ilikubali dawa ya seli hizi kwa watoto wenye ugonjwa kama wa yule mtoto wa Stockholm. Kwa figo, ingali jaribio.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, mwenye figo ya mwingine asiache vidonge vyake hata siku moja kwa sababu amesikia habari hizi. Anayejiachisha peke yake anaweza kupoteza zawadi ya mama yake. Pili, akija mtu kuwauzia «seli za kuponya kila kitu», mumuulize: zimejaribiwa wapi, kwa watu wangapi? Asipojibu, mufunge mlango. Tatu, mulinde mafigo mliyo nayo: mpimishe damu inayopanda na sukari, musimeze dawa za maumivu kila siku bila shauri la munganga.

Nanyi vijana mnaopenda masomo ya biolojia, kazi hii haijakwisha. Mama yuko tayari kutoa figo yake. Bado kuwafundisha askari kumjua.