Kumsoma Mtu Aliyebadili Itikadi: Utangulizi

Fani ninayokufungulia inaitwa wasifu wa fikra, tawi la historia linalofuatilia mawazo ya mtu mmoja tangu yalipochipuka hadi yalipofikia. Tutaingia kupitia Jayaprakash Narayan wa India (1902–1979), maana kwa anayeanza simjui mwalimu bora kumpita.

Tuanze na itikadi, yaani imani za mtu kuhusu nani atawale, mali igawanywe vipi, na mabadiliko yaletwe kwa njia gani. Zishike vizuri sehemu hizo tatu. Ni nadra mtu kuzibadili zote kwa mkupuo.

Narayan aliacha chuo Bihar mwaka 1921 akiitikia wito wa Mahatma Gandhi wa kususia taasisi za Waingereza. Mwaka uliofuata akaenda Marekani, akafanya vibarua mashambani ili ajilipie masomo. Huko, katika jimbo la Wisconsin, alimsoma Karl Marx, na alirudi nyumbani 1929 akiwa mfuasi wake. Mwaka 1934 alishiriki kuasisi chama cha wajamaa ndani ya Congress, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa India. Kisha, Novemba 1942, usiku wa Diwali, walinzi wa gereza la Hazaribagh alikofungwa wakiwa kwenye sherehe, yeye na wenzake watano walipanda ukuta kwa nguo zilizofungwa pamoja zikawa kamba. Alikimbilia Nepal kuwaandaa vijana kwa vita vya msituni.

Mtu huyohuyo, mwaka 1954 huko Bodh Gaya, alitangaza kuyatoa maisha yake yote kwa bhoodan, harakati ya Vinoba Bhave ya kuwaomba wenye ardhi wawagawie wasio nayo kwa hiari. Mwaka 1957 aliachana na siasa za vyama. Lengo lake sasa lilikuwa sarvodaya, fundisho la Gandhi la ustawi wa wote. Mwaka 1962 alikuwa mmoja wa wenyeviti wa Brigedi ya Amani ya Dunia, iliyofungua kituo Dar es Salaam kuunga mkono, bila silaha, uhuru wa nchi tunayoiita leo Zambia.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: je, alikuwa kigeugeu? Usilikimbilie neno hilo. Rudi kwenye zile sehemu tatu. Kuhusu mali hakuyumba. Alitaka maskini wapate haki yao tangu ujana hadi uzee. Kilichogeuka ni njia. Na sababu aliiandika mwenyewe mwaka 1952, akiukosoa umaada, falsafa aliyoipokea kwa Marx, isemayo kwamba hakuna kilichopo ila maada: ikiwa ni hivyo, aliuliza, mtu ana sababu gani ya kuwa mwema? Mimi naliona swali hilo kuwa moyo wa safari yake nzima.

Maandishi ya mhusika mwenyewe huitwa chanzo cha msingi. Yathamini, lakini yasome kwa tahadhari. Mwaka 1957 Narayan alieleza kwa urefu jinsi alivyotoka kwenye ujamaa hadi sarvodaya, na mtu anayesimulia mageuzi yake hupenda kuiona njia yake imenyooka. Ndiyo maana maelezo hayo yasomwe sambamba na kitabu chake cha 1936 cha kuutetea ujamaa, alichokiandika kabla hajajua angeishia wapi.

Ugumu wenyewe uko mwishoni mwa maisha yake. Juni 1974, mbele ya umati wa Patna, aliitisha mapinduzi kamili, na katika kumpinga Waziri Mkuu Indira Gandhi alikubali kushirikiana na wazalendo wa Kihindu wa RSS. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama alikomaa au alitumiwa. Kabla hujachagua upande, fungua shajara aliyoiandika kizuizini Chandigarh baada ya hali ya hatari kutangazwa Juni 1975. Anza na Julai 21. Hapo anakiri kwamba ulimwengu wake umebomoka, kisha anajiuliza ni wapi hesabu zake zilikwenda kombo. Andika jibu lako pembeni kabla ya kusoma analojijibu yeye.