Mche wa parachichi hufia ndani ya kiriba

Wafanyabiashara wengi wanaonunua miche ya parachichi aina ya Hass ili kuiuza nchi jirani hutazama majani kwanza. Yakiwa ya kijani na yanang'aa, fedha hutoka. Lakini uzima wa mche uko chini, ndani ya kiriba, na huko ndiko hasara huanzia.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa kuoza mizizi. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na husafiri na maji, hivyo viriba vilivyopangwa juu ya ardhi tupu huambukizana kila mvua inaponyesha. Mche ulioambukizwa huweza kuonekana mzima kwa muda, kisha ukanyauka ilhali udongo umelowa. Mwenye mali akiuona umenyauka huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Mizizi midogo iliyo mizima huwa myeupe; iliyooza huwa myeusi na hukatika ikiguswa. Mnunuzi makini huomba kiriba kimoja kichanwe kabla ya kulipia mia moja. Mwenye kitalu akikataa, amekwishajibu.

Kiriba kikichanwa huonyesha pia umri. Mche uliokaa kitaluni mno huwa na mizizi iliyojizungusha chini kama kamba, na ukipandwa hivyo hudumaa.

Kisha kuna karatasi. Kibali cha kuingiza miche hutafutwa kwanza katika nchi inakopelekwa, ndipo mkaguzi wa nchi inakotoka anapoikagua na kutoa cheti cha afya ya mimea: TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hakichukui nafasi ya cheti hicho. Anayekosea mpangilio huu hukwama mpakani, na mche hausubiri kama gunia la mahindi.

Shehena ikikwama, ishushwe kivulini na viriba vipangwe juu ya mbao au chaga, matundu ya chini yakiwa wazi. Kidole kizamishwe kwenye udongo: kikitoka kikavu, maji yatiwe taratibu hadi yachuruzike chini, kikitoka na unyevu, mche uachwe. Kubeba ni kwa kushika kiriba, si shina, kwa sababu bonge la udongo likivunjika mizizi midogo hukatika nalo. Njiani, upepo wa gari lililo wazi hukausha majani kuliko jua lenyewe, hivyo safari ya usiku chini ya neti ya kivuli ni nafuu. Turubai lililofungwa kabisa huwa tanuri mchana.

Miche ikifika ipumzishwe kivulini wiki moja au mbili kabla ya kuuzwa. Wakati huo machipukizi yote yaliyo chini ya kiungio cha kubebeshea yaondolewe. Hayo si Hass. Ni ya mti wa chini uliotokana na kokwa, nayo hukua kwa kasi hadi kulizidi tawi lililobebeshwa. Mkulima akiyaacha atapalilia mti huo miaka mitatu na zaidi, akisubiri parachichi ambalo mnunuzi wa soko la nje hatalitaka.