Mipaka ya Mashamba Katika Kanzidata: Mbinu za Kikokotozi na Utafiti wa Sheria ya Ardhi Vijijini

Kanzidata ya TanzLII, inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, huweka hukumu na sheria wazi kwa umma bila malipo. Kwa msaada wa programu za kompyuta, mtafiti huweza kuchambua maelfu ya hukumu kwa pamoja, kuzipanga kwa mada na kufuatilia rufaa. Makala haya yanaeleza mipaka ya mbinu hizo kwa mfano wa migogoro ya mashamba katika kata ya Kiranjeranje, Wilaya ya Kilwa.

Kikwazo cha kwanza ni umbo la maneno. Neno “mpaka” hutaja alama ya kutenga mashamba, lakini pia humaanisha “hadi”. Programu inayotafuta umbo hilo pekee huchanganya mgogoro wa ardhi na tarehe ya kuahirisha shauri. Vilevile, kitenzi “vamia” hujitokeza kama “alivamia”, “wamevamiwa”, “mvamizi” na “uvamizi”. Kwa hiyo uchanganuzi wa mofolojia hauna budi kutangulia hesabu yoyote.

Kikwazo cha pili ni lugha ya ngazi za utoaji haki. Shauri lililosimuliwa kwa Kiswahili katika baraza la kata limezoeleka kuhukumiwa kwa Kiingereza Mahakama Kuu. Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu za awali zimebaki kama zilivyoandikwa. Utafutaji wa lugha moja hupata nusu ya simulizi.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakayaachia usuluhishi ndani ya siku 30 kabla ya shauri kufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa Kiranjeranje unaosuluhishwa katani hauzai hukumu, hivyo hauonekani katika kanzidata. Mtafiti akikuta mashauri machache, hawezi kuhitimisha kwamba wakulima wanaishi kwa amani. Wala ongezeko la mashauri si ushahidi tosha kwamba uvamizi umezidi.

Kwa hiyo, ukokotozi huonyesha mwenendo wa mashauri yaliyopanda ngazi. Ili kueleza haki inavyopatikana kijijini, matokeo yake yalinganishwe na kumbukumbu za mabaraza ya vijiji na kata, kwa kulinda majina ya wahusika.