Mtu wa Ufipa Ashukapo Ziwani: Mambo ya Nyumbani Katika Nchi ya Joto

Mara nyingi mwalimu au katekista aliyezaliwa juu, katika nchi ya Ufipa, hutumwa kufanya kazi chini: ama pwani ya Tanganyika, kama vile Kirando, Wampembe au Kasanga, ama upande wa pili, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa. Safari yenyewe si ndefu. Walakini mji wa Sumbawanga uko mita kama 1,800 juu ya bahari, na maji ya Tanganyika yako mita kama 770 tu. Na kwa kila mita 1,000 ashukazo mtu, joto huongezeka nyuzi kama 6. Basi mtu huyu, ambaye hakuvuka mpaka wa mkoa wala hakubadili askofu, amehamia ugenini kweli kweli, na mkewe ndiye wa kwanza kulitambua. Nami naona ya kuwa shida nyingi za nyumba yake hutoka katika desturi njema za juu, zilizochukuliwa chini kama zilivyo.

Tuanze na maneno. Mfipa aliyejifunza Kiswahili shuleni hulijua neno joto, na huliona latosha. Watu wa pwani wana zaidi. Wana hari, ambayo ni joto na tena ni jasho lake. Wana fukuto, yaani joto zito lisilo na upepo, kama lile litanguliazo mvua. Asiyeyapambanua maneno haya hayapambanui na mambo yenyewe, hali dawa zake ni mbali mbali: jua hukimbiwa kwa kivuli, fukuto hukimbiwa kwa upepo.

Tazama nyumba. Juu, mwezi wa Juni na Julai, usiku una baridi kali. Kwa hiyo mwenye akili hujenga chumba kidogo, dirisha dogo, mlango mmoja, na moto huwashwa ndani. Akijenga vivyo hivyo ziwani amejijengea tanuru. Huko yafaa madirisha mawili yaelekeane, moja upande wa ziwa na moja upande wa nchi kavu. Sababu ni hii: mchana nchi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake, usiku nchi hupoa kwanza, na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Jiko likae mbali na chumba cha kulala. Na juu ya bati, ambalo watumishi wengi hulihesabu kuwa heshima ya nyumba, neno langu ni kwamba nyasi zilizoezekwa vizuri hulala baridi kuliko bati lisilo na dari.

Maji ya kunywa yawekwe katika mtungi wa udongo. Mtungi hutoka jasho: maji kidogo hupenya katika udongo, hukauka nje kwa upepo, na yakikauka huondoa joto la yale yaliyobaki ndani. Ndoo ya plastiki haiwezi kazi hiyo, wala mtungi uliopakwa rangi. Wakati wa masika mtungi hupoza kidogo tu, kwa kuwa hewa imekwisha jaa unyevu.

Mama mgeni hushangaa pia kuona maharagwe yake yaiva upesi. Juu maji huchemka yakifika nyuzi kama 94, ziwani kama 97. Nyuzi hizo tatu huokoa kuni nyingi. Lakini faida hii hulipiwa jioni, kwa maana maharagwe yaliyobaki, ambayo Sumbawanga yangengoja asubuhi, chini yamekwisha chacha. Yafaa kupika kwa kipimo cha mlo mmoja.

Hasara kubwa zaidi iko ghalani. Watu hushuka na magunia ya mahindi ya mwaka mzima, kama wazee walivyowafundisha. Katika joto la nyuzi 27 fukusi hutoka katika yai akawa mdudu mzima kwa wiki kama 5. Penye nyuzi 18 huhitaji miezi 3 au zaidi. Tena yuko dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akatambuliwa upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hugeuza punje kuwa unga mtupu. Basi aletaye akiba na alete ulezi, ambao punje zake ndogo hukaa miaka bila kuliwa na wadudu, na mahindi anunue kidogo kidogo, au ayakaushe sana na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa.

Sasa nije kwenye jambo la kufa na kupona, yaani homa. Wabelgiji walijenga Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Wageni wa siku zile walidhani homa hutoka katika hewa ya usiku. Hata jina malaria ni maneno ya Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Adrien Atiman, mganga na katekista aliyesomea Malta, alifika Karema mwaka 1889, miaka 8 kabla Ronald Ross hajaonyesha, mwaka 1897, ya kuwa mbu ndiye mwenye kuichukua. Atiman alitibu watu huko hata alipofariki mwaka 1956.

Mtoto aliyekulia juu, penye mbu wachache, mwili wake haukuzoea kupigana na ugonjwa huu. Homa ambayo mtoto wa Kirando huweza kuivumilia yaweza kumwua yeye kwa siku chache. Na ujanja wake mwingine ni kuchelewa. Kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya 10 na 15. Mwalimu aliyeshuka wiki moja kusimamia mitihani huugua akiwa amekwisha rudi kwake, katika baridi, na jirani zake husema ni mafua. Huyo na aende kupimwa siku ile ile, akamwambie mganga alikotoka. Chandarua kilichotiwa dawa kitangulie kufungwa katika nyumba mpya, kabla ya picha za watakatifu.

Limebaki neno uvivu, ambalo nimelisikia hata mimbarani. Mtu wa juu, aliyezoea kulima matuta ya intumba mchana kutwa, apitapo saa sita na kuwaona wanaume wamelala mkekani chini ya mwembe, huhukumu mara moja. Hajui ya kuwa wametoka ziwani alfajiri. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani za karabai na siku hizi za betri. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaivuti taa vizuri, na mitumbwi hukaa ufukoni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo katekista mzoefu aziwekeazo mafundisho ya watu wazima, baada ya chakula cha jioni, nje, penye upepo.