Helikopta ya Mtoto na Amana ya Betri Yake

Ni ada ya jamaa zetu walioko Uarabuni, wanaporudi likizo au siku za Idd zinapokaribia, kutowasahau watoto katika masanduku yao. Zamani zawadi ilikuwa gari la kuvutwa kwa uzi au mwanasesere. Leo aghalabu ni helikopta ndogo, urefu wake kama shibiri moja, inayorushwa kwa rimoti. Mtoto hufurahi, na wazazi huona kwamba huo ni mchezo tu. Mchezo ni kweli, nao ni mzuri; lakini ndani yake mna kitu kimoja kinachotaka jicho la mtu mzima kila siku, nacho ni betri.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe. Helikopta kubwa huwa na pangaboi kuu juu na jingine dogo mkiani. Lile dogo si pambo. Pangaboi kuu linapozunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na la mkiani ndilo likizuialo. Waundaji wa helikopta nyingi za kuchezea wamechukua njia nyepesi zaidi: wameweka mapangaboi mawili juu, moja juu ya jingine, yakizunguka kinyume, hata kila moja likaufuta msukumo wa mwenziwe. Ndiyo sababu hata anayejifunza huweza kuituliza hewani.

Mtoto na afundishwe kuiweka sakafuni mkia ukimwelekea yeye, ili kushoto kwake kuwe ndiko kushoto kwa chombo. Aipandishe polepole hadi kimo cha kiuno, kwa kuwa karibu mno na sakafu upepo wa mapangaboi yake wenyewe huiyumbisha. Ikigonga ukuta au ikianguka, aondoe kidole kwenye kitufe cha kasi hapo hapo. Mapangaboi yaliyozuiwa huku mota ikisukuma huiunguza mota. Mahali pake ni ukumbini, au uani asubuhi mapema, kwani chombo chenye uzito usiofika gramu 50 si mshindani wa upepo wa kusi. Zile zinazoongozwa kwa miali kama rimoti ya televisheni, wala si kwa redio, hupoteza mwongozo juani. Na wadogo wasiketi karibu: mapangaboi hayo hudhuru jicho, na hunasa nywele na mitandio.

Sasa tuje kwenye betri. Helikopta hizi hutumia betri ya lithiamu, ya ukoo mmoja na ile iliyomo ndani ya simu. Betri za ukoo huu ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa mkono wa kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Sifa yake ni kubeba nguvu nyingi katika uzito mdogo. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Ndani mna karatasi nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja, zikitengwa na utando mwepesi, na zimeloweshwa kwa kemikali ishikayo moto. Utando huo ukiharibika, kwa kipigo, kwa kudungwa au kwa kuchajiwa kupita kiasi, joto hupanda, gesi hujaa, na moto huweza kuwaka ghafla pamoja na moshi wenye sumu. Isitoshe, betri ya helikopta mara nyingi haina ganda gumu. Imefungwa katika mfuko mwororo tu.

Kwa hivyo tunawanasihi wazazi wenzetu mambo haya.

La kwanza ni mahali pa kuchajia. Tumeona katika nyumba nyingi helikopta ikichajiwa juu ya godoro, chini ya chandarua, na mtoto amelala kando yake. Hilo likomeshwe leo. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na pazia, mkeka na makuti, tena wakati mtu mzima yu macho na yu karibu. Dakika 40 hadi saa moja hutosha kwa nyingi za hizi ndogo; zikijaa zichomolewe. Umeme ukikatika, waya uchomolewe pia, usubiri hadi umeme urejee na kutulia.

La pili ni chaja. Itumike ile iliyokuja na chombo. Betri ndogo ya miliampea-saa 150 haistahimili kasi ya chaja isiyo yake. Betri ya chumba kimoja hujaa ifikapo volti 4.2, kuilazimisha zaidi ya hapo ni kuitafutia moto.

La tatu ni kutoikausha. Ikishuka chini ya volti 3 huharibika ndani, na kuichaji tena huwa hatari. Helikopta ndogo huruka dakika sita hadi nane hivi. Mara nguvu inapolegea, mtoto aiteremshe na kuzima swichi yake, kwani swichi iliyosahauliwa huinyonya betri usiku kucha. Baada ya kuruka huwa moto. Ipumzishwe robo saa kabla ya kuchajiwa.

La nne ni kuihifadhi. Isiyotumika kwa majuma iwekwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu penye kivuli. Ndani ya gari lililoegeshwa juani kwetu pwani si mahali pake.

La tano ni kuitambua iliyokufa. Betri iliyofura kama andazi, au iliyopondeka, haichajiwi tena, haidungwi, wala haibinywi irudi kama ilivyokuwa. Itiwe katika chungu chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto, hadi ipelekwe kwa wakusanyao taka za kielektroniki. Isitupwe jaani, maana jaa zetu huchomwa, na betri iliyomo motoni hulipuka.

Ikitokea ikawaka, watoto watolewe kwanza. Umeme uzimwe ukutani ikiwezekana, na moto ufunikwe kwa ndoo ya mchanga iliyowekwa tayari. Asiishike mtu kwa mkono, wala asiinamie moshi wake. Moto ukishashika vitu vingine, tokeni nyote, muite msaada.

Na ninyi mliko ghaibu mnaoleta zawadi hizi, betri za akiba zisitiwe katika sanduku la mizigo. Kanuni za usafiri wa ndege zinataka zibebwe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa zisigusane.

Mtoto aweza kufundishwa haya yote. Apewe saa ahesabu dakika za kuruka. Apewe jukumu la kuzima swichi na kuikagua betri kabla ya kumletea mzazi aichaji. Atakayeizoea kazi hiyo katika chombo kidogo ataijua katika simu, na kesho katika pikipiki ya umeme. Lakini waya wa kuchajia, kwa sasa, ukae mkononi mwa mama au baba.