Rejista Yatuonya, Nani Atasikia?

Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanafunzi wa sekondari anayekaribia kukatiza masomo naye huwa na mawingu yake, na aghalabu sisi walimu huyaona. Katika miaka niliyofundisha shule ya kutwa mashambani, sikumbuki mtoto aliyeacha masomo kwa ghafla. Kwanza alikosa siku ya soko. Kisha akakosa Ijumaa na Jumatatu. Halafu akashindwa Hisabati, akashindwa Kemia, akahamia dawati la nyuma. Kufikia muhula wa tatu alikuwa kwenye steji ya bodaboda, au, akiwa msichana, nyumbani akilea.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, walilithibitisha jambo hili kwa hesabu mwaka wa 2005. Walifuatilia wanafunzi wa shule za umma za mji huo. Miongoni mwa waliofaulu masomo ya kutosha katika mwaka wa kwanza wa sekondari, asilimia 81 walihitimu kwa miaka minne. Miongoni mwa waliobaki nyuma, asilimia 22 pekee. Kipimo hicho kilibashiri vyema kuliko hata alama ambazo watoto walikuja nazo kutoka shule ya msingi! Sisi ambao huwapanga watoto kwa alama hizo yafaa tulitafakari hilo.

Hapa Kenya hatuhitaji tarakilishi ili kubashiri. Rejista ipo, nayo hutiwa alama kila siku. Taabu ni kwamba ikishajumlishwa hufungwa, ikangoja mkaguzi. Isitoshe, shule yenyewe huzizalisha siku za kukosa. Ijapokuwa serikali ilianza kugharimia masomo ya kutwa mwaka wa 2008, mzazi angali anadaiwa pesa za chakula na za majengo, na anayerudishwa nyumbani kuzifuata ni mtoto. Akikaa huko majuma mawili, tunashangaa kuwa ameanguka mtihani.

Nina hofu moja, wala si ndogo. Mwalimu mkuu anayesakamwa kwa sababu ya alama za wastani za KCSE, akipewa orodha ya wanaoelekea kuacha shule, ataifanyia nini? Wapo watakaowaita wazazi na kuwashauri kwa upole wamtafutie mtoto shule "inayomfaa". Hapo utabiri utakuwa umegeuzwa kuwa hukumu, na mtoto atakuwa ameondolewa na walewale waliopaswa kumzuia.

Kwa hivyo orodha hiyo ikae kwa mwalimu wa darasa, si penginepo. Naye asiachwe na darasa la wanafunzi hamsini na zaidi pamoja na vipindi vyake vyote kama kwamba kazi hii ni hisani. Wizara ya Elimu na Tume ya Kuwaajiri Walimu zimpunguzie vipindi viwili kwa juma, na shule impe nauli ya kufika nyumbani kwa yeyote aliyekosa siku tatu mfululizo.